Aliyepewa Rungu Achungwe

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali. Ni nani aliyeamuru matatu zetu zipakwe mstari wa manjano? Wengi mtajibu, "Ni Bunge!" La hasha! Sheria ya Trafiki ilimpa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Kwa uwezo huo, marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alitangaza kanuni za mstari huo, mikanda na vidhibiti mwendo mwaka wa 2003. Zilianza kutekelezwa Februari 2004.

Sipingi mpango huu hata kidogo. Wabunge hawawezi kukaa kitako wakijadili upana wa kila kiti. Lakini wahenga walinena, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tazama hapa shuleni. Kiranja hupewa kazi ya kunyamazisha bweni usiku. Kesho yake utasikia ati wa kidato cha kwanza wamfulie shati! Je, nani alimpa uwezo huo?

Ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 94, yasema kwamba sheria inayompa mtu uwezo wa kutunga kanuni ni lazima itaje madhumuni na mipaka ya uwezo huo. Tena, sheria ya mwaka wa 2013 kuhusu kanuni za aina hii yataka watakaoathirika waulizwe maoni. Zikishachapishwa, kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, zisipofikishwa, zinabatilika.

Hayo ni mema. Walakini, wenzangu, kuna dosari moja kubwa. Kanuni hizi huandikwa kwa Kiingereza kigumu ajabu! Makanga, dereva na mama mboga wataulizwaje maoni juu ya jambo wasiloweza kulisoma? Kuwaita mkutanoni bila kuwapa maandishi wanayoyaelewa ni sawa na kumwalika mgeni karamuni ukamficha kijiko.

Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Basi kila mswada wa kanuni na utolewe kwa Kiswahili pia, kabla ya wananchi kuulizwa maoni. Aliyepewa rungu tutamchunga vipi kama hatujui aliambiwa alitumie wapi?

Wanachama wenzangu, kazi ya kutafsiri inatungoja. Tusome kwa bidii!