TAMASHA LA FILAMU LINAKARIBIA: MUISLAMU WA KASULU NA KIBONDO ATAZAME NINI?





Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, linakaribia. Tangu 1998 hukusanya filamu za Afrika na za nchi za jahazi pale Ngome Kongwe, na washindi hutunukiwa Jahazi ya Dhahabu. Mnaniuliza: "Sheikh, inafaa kufuatilia?"

Kwanza, hukumu hufuata kilichomo. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha. Wapo waliokataza, na wengi wa zama hizi wameruhusu picha za kamera kwa masharti. Anayeshika kauli ya kukataza namheshimu, ila asiitumie dhidi ya filamu peke yake huku akitazama mawaidha ya video kwenye simu hiyo hiyo. Uchi, ulevi na kuidhihaki dini ni haramu ukumbini, ni haramu kibandani, na ni haramu ukiwa peke yako usiku na simu yako. Basi muziki wa usiku wa tamasha siwatumi huko. Lakini filamu za watoto, maonyesho yanayopelekwa vijijini Unguja na Pemba, na mafunzo kwa watengenezaji filamu, hayo yapimwe moja moja.

Pili, mipaka haiui kisa. Moustapha Akkad alipotengeneza The Message mwaka 1976, hakumwonyesha Mtume (s.a.w.) wala hakumpa sauti, na kisa kilifika. Ramadhani ilipoangukia Julai, ZIFF ya 2014 ilifanyika Juni kabla ya mfungo, na ya 2015 ikaja baada ya Idi. Adabu na sanaa zinaweza kukaa nyumba moja.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996. Nduta, kule Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia. Wageni wenye kamera wamekuja na kuondoka. Je, ni nani kati yetu amesimulia habari za bibi wa Kiha aliyegawana muhogo wake na jirani aliyefika na mkeka tu? Habari za Muhajirina na Answari tunazisoma msikitini, kumbe mfano wake uko mlangoni kwetu! Kenya, katika kambi za Kakuma na Dadaab, vijana wakimbizi wamefundishwa na FilmAid kutengeneza filamu zao wenyewe. Wetu wanangoja nini?

Utasema: "Sheikh, unataka watoto wetu wapotelee kwenye usanii?" Ndugu yangu, mtoto wako yupo kwenye kibanda cha video sasa hivi, anatazama watu wakichinjana huku msimuliaji akichekesha. Kumkataza bila kumpa badala yake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Basi tufanye haya:

1. Mzazi, uliza jina la filamu na uitazame wewe kwanza. Masikio, macho na moyo vitaulizwa, na wewe utaulizwa juu ya wale uliopewa kuwachunga.

2. Mwalimu wa madrasa, chagua filamu moja safi, itazameni pamoja kwa adabu zetu, kisha uliza: nani kadhulumiwa? Nani kasubiri? Suratu Yusuf karibu yote ni kisa kimoja. Mola wetu ametulea kwa visa.

3. Kijana mwenye simu, rekodi wazee wako kwa idhini yao. Ukimrekodi mkimbizi, usionyeshe uso wake bila ridhaa. Wapo waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta. Uso wa mtu ni amana.

Sisi Waislamu wa huku milimani ni wachache, na Zanzibar iko mbali, zaidi ya kilomita elfu moja. Lakini kisa chetu kikinyamaziwa na sisi, kitasimuliwa na wengine, kwa namna waitakayo wao.

Allah ayalinde macho yetu, awaongoze vijana wetu, na awarudishie amani waliokimbia makwao. Aamiin.

Mtumie mzazi mwenzako. Wabillaahi tawfiiq.