Lehemu Mwilini: Tupime Damu, Tusitafute Mchawi

Ndugu msomaji, neno "lehemu", ambayo hospitalini huitwa kolesteroli, siku hizi limefika hadi vijijini. Limeleta hofu, na hofu bila elimu ni hatari. Wako wazazi wanaowanyima watoto mayai na maziwa kwa kuogopa ugonjwa wa moyo. Ziko pia koo ambazo vijana wao hufa ghafla, na badala ya kwenda hospitali watu huanza kumtafuta bikizee wa kumlaumu. Maoni yangu ni kwamba makosa haya mawili yana chanzo kimoja: hatujui jinsi mwili unavyoendesha mafuta yake. Basi tujifunze.

Lehemu ni nini?

Lehemu ni aina ya mafuta ambayo kila mnyama anayo: ng'ombe, kuku, samaki na binadamu. Mwili huitumia kujenga ngozi ya kila chembe hai, kutengeneza nyongo na kutengeneza homoni za uzazi. Kwa kuwa ni kitu cha lazima, mwili hausubiri kuletewa kwa chakula. Hujitengenezea wenyewe, hasa katika ini. Kwa watu wengi, sehemu kubwa ya lehemu waliyo nayo haikutoka kwenye sahani.

Nani huamua kiasi chake?

Wewe mfugaji unaijua ngitiri. Masika, majani yakiwa tele, ngitiri hufungwa. Kiangazi kikikaza, hufunguliwa ili mifugo isife. Ini nalo lina desturi kama hiyo.

Ndani ya kiini cha kila chembe hai mna jeni, yaani maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Maagizo hayo hayasomwi yote kila saa. Lehemu ikipungua katika chembe za ini, protini moja ambayo ilikuwa imefungwa kama mbwa wa lindo huachiwa. Huingia kwenye kiini na kuamsha kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza lehemu. Ya pili ni kujenga milango ya kuvuta lehemu kutoka kwenye damu. Lehemu ikiwa tele, protini hiyo hubaki imefungwa, na kazi zote mbili hupungua. Madaktari wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua jinsi milango hiyo inavyofanya kazi.

Mfano mzuri ni ndugu zetu Wamasai. Mwaka 1964 mtafiti George Mann aliandika kwamba Wamasai aliowapima nchini kwetu walikula maziwa na nyama kwa wingi, lakini lehemu katika damu yao ilikuwa ndogo. Mwaka 1971 watafiti wengine walieleza sababu mojawapo: lehemu ya chakula ilipoongezeka, miili ya Wamasai ilipunguza sana kutengeneza ya kwake. Ngitiri ilifungwa. Lakini usisahau kwamba watu hao walitembea mwendo mrefu kila siku nyuma ya mifugo.

Kwa hiyo, mzazi, usimnyime mtoto yai wala maziwa. Anakua, na ini lake lina mizani. Kuuza mayai yote ili umnunulie soda na maandazi si kumlinda moyo.

Ni nini huharibu mizani?

Kwanza, mafuta yanayoganda yakizidi. Haya ni yale ya nyama iliyonona na samli. Yakizidi, milango ya ini hupungua, na lehemu hubaki ikizunguka katika damu na kuganda kwenye kuta za mishipa. Usidanganywe na chupa ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa "haina kolesteroli". Mimea yote haina lehemu ya kuhesabika. Mawese hutoka kwenye mmea, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo ya kuganda. Alizeti ni nafuu zaidi kwa moyo.

Sisi wa Mwamanyili ziwa haliko mbali, tushukuru. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanyika nchini kwetu. Ulilinganisha wanakijiji wa kando ya Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku na wale wa Lugalawa waliokula mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na lehemu ndogo zaidi katika damu na shinikizo la chini zaidi. Mafuta ya samaki huzipunguza kasi jeni zinazoliamuru ini kutengeneza mafuta. Basi dagaa tusiwaone kuwa chakula cha kuku tu.

Pili, urithi. Duniani hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 300 hivi hurithi agizo bovu, mara nyingi lile la milango. Huyu hata akila mboga tupu, lehemu hujaa katika damu yake tangu utotoni. Kila mtoto wake anaweza kurithi, nusu kwa nusu. Katika ukoo kama huo watu huweza kufa kwa moyo wakiwa na miaka 30 au 40. Dalili nyingine ni vinundu vigumu kwenye kano za kisigino au za vidole, na mabaka ya njano kwenye kope.

Hapa Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa kisa cha macho mekundu tu, ambayo huletwa na moshi wa jikoni. Si kila kifo cha ghafla kinatokana na lehemu, lakini hakuna kifo kinachotibiwa kwa panga. Kama ukoo wako una vifo vya namna hiyo, nendeni hospitali mkapimwe damu, watoto pia.

Dawa ipo. Kundi la dawa liitwalo statini, lililoanza kuruhusiwa mwaka 1987, hulizuia ini kutengeneza lehemu. Ini likiona upungufu hujenga milango zaidi na kuivuta lehemu iliyo katika damu. Dawa hii hutolewa na daktari, wala haifai kwa mama mjamzito.

Ndugu msomaji, mpe mtoto yai lake. Kula dagaa, tembea, punguza mafuta yanayoganda. Na msiba wa ghafla ukiingia, uliza kwanza: je, damu ya waliobaki imepimwa?