Filamu au dijitali? Kwanza tuulize nani ataiona picha

Kina dada wanaotaka kuanza kazi ya kupiga picha za kupamba wanatuuliza: kamera ya kwanza ya renjifainda, ile ambayo kwenye kidirisha unaona taswira mbili na unazungusha lenzi mpaka zikutane, iwe ya filamu au ya dijitali?

Kwa bei, filamu inavutia. Canonet kuukuu ya miaka ya 1960 au 1970 haifiki hata karibu na bei ya Leica M ya dijitali. Tena filamu ya picha 36 inafunza subira. Sisi mafundi cherehani tunajua, kitambaa hupimwa kabla ya mkasi.

Lakini ukumbini tunavua mabaibui. Bi harusi kakaa nywele wazi, mabega wazi, hina na piko mpaka kiwikoni. Filamu ya rangi kwa kawaida hupelekwa kusafishwa, na mara nyingi msafishaji ni mwanamume tusiyemjua, kila picha inapita machoni pake. Hilo hatulikubali. Nyeusi na nyeupe unaweza kujisafishia nyumbani kwa tangi na dawa zake, ila bi harusi gani anataka hina isiyo na rangi?

Kwa kazi hii sisi tunasema dijitali. Renjifainda ya dijitali ikikuzidi uwezo, chukua dijitali ya kawaida. Bi harusi akabidhiwe kadi usiku uleule, kabla hujapanda daladala, na picha zisipitie kwenye simu yako. Filamu ibaki kwa Forodhani na watoto.