Feni ya Gari Ikigoma, Usikimbilie Mota

Wako wanaodhani kwamba feni ya ndani ya gari ni kitu cha anasa. Nami nilikuwa miongoni mwao, hadi siku moja ya masika mvua ilipotukuta njiani kutoka Lamadi kwenda Bariadi. Tulikuwa watu watano, madirisha yamefungwa, na feni haifanyi kazi. Punde si punde pumzi zetu zikatanda ukungu kwenye kioo cha mbele. Dereva akawa anafuta kwa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani. Tulipomwona mwendesha baiskeli alikuwa hatua chache tu mbele yetu. Tulinusurika, naye pia.

Kesho yake fundi mmoja alimshauri mwenye gari anunue mota mpya. Aliinunua, ikafungwa, nayo haikuzunguka. Kumbe kilichokufa ni rilei. Mota ya zamani ilikuwa nzima. Fedha za chakula cha nyumbani zikawa zimekwenda bure.

Kosa lilikuwa kuanzia mwisho. Umeme hutoka kwenye betri na, kabla ya kuzungusha mota, hukutana na fyuzi, rilei, swichi na rezista. Ufuate kwa utaratibu huo.

Kwanza, tazama fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye ampea zile zile. Ikikatika tena, pana waya unaogusana au mota imekwama. Kamwe usifunge waya mahali pa fyuzi, kwani kinachofuata kuungua ni gari lenyewe.

Pili, sikiliza dalili. Feni inayofanya kazi katika spidi ya juu peke yake mara nyingi imeunguliwa na rezista. Inayovuma bila kutoa upepo wa kutosha huenda chujio lake limeziba.

Tatu, pima kwa taa ndogo ya umeme kwenye plagi ya mota. Taa ikiwaka na mota haizunguki, hapo ndipo ulaumu mota. Isipowaka, kagua rilei, swichi na waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Ukiigonga mota taratibu ikaamka, kaboni zake zimelika.

Sisi wakazi wa Simiyu, mkoa wa pamba, tunalijua vumbi la kiangazi. Vumbi hilo huziba chujio, upepo ukapungua. Na rezista, ambayo hupozwa na upepo huo huo, huungua. Kwa hiyo ukibadili rezista bila kusafisha chujio, utarudi kwa fundi.

Basi, kabla mvua hazijaanza, washa feni katika kila spidi. Ikikugomea safarini, simama mahali salama, ufungue madirisha kidogo, ufute kioo, ndipo uendelee. Feni ni sehemu ya macho ya dereva, na nyuma yake wamekaa watoto wetu.