Namba ya Injini Ianzie Dukani

NG'AMBO YA DARAJA
Na Zuhura Athman

Mwenye gari kuukuu huku Nyali ana maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari, inayokula bodi kutoka chini kabla hujaona hata doa juu ya rangi. Wa pili ni uhaba wa spea. Chumvi ina tiba: fundi wa bodi atakata bati lililooza, achomee jipya, maisha yaendelee. Lakini injini ya Peugeot 504 au ya Land Rover ya miaka ya 1970 ikishachoka, na vipuri vya kuifufua vikawa havishikiki kwa bei, mwenye gari hubaki na njia moja. Huishusha, akapandisha ya Toyota, Isuzu au Nissan iliyokuja ya mtumba kutoka Japani. Gari linaamka, linapanda Daraja la Nyali bila kutapika moshi, na mwenyewe anamshukuru Mungu.

Kazi hiyo naiheshimu sana. Kupandisha injini ya kampuni moja ndani ya gari la kampuni nyingine si mchezo, na mafundi wetu wa Kisauni na Changamwe huifanya vizuri: maunti huundwa upya, gia boksi huoanishwa, rejeta hubadilishwa, nyaya hufuatwa moja moja. Kinachoniudhi ni kwamba gari likishatoka gereji, logbuku yake huendelea kutaja injini iliyokwishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Logbuku ya Kenya haibebi namba ya usajili na ya chasi peke yake. Inabeba namba ya injini, ujazo wake kwa cc, na aina ya mafuta. Chukua 504 ya petroli yenye cc 1971, ipandishe dizeli ya Toyota, na papo hapo hati ya gari imesema uongo mara tatu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari aijulishe mamlaka mabadiliko ya namna hiyo. Mamlaka yenyewe leo ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Kabla ya hapo usajili ulikuwa mikononi mwa mamlaka ya ushuru, KRA. Maombi hupitia eCitizen, gari hupelekwa likakaguliwe, na namba iliyogongwa kwenye bloku hulinganishwa na karatasi ulizoleta.

Kwenye karatasi ndipo watu wetu wanapokwama.

Nimefuatana na wenye magari hadi kwenye maduka ya injini mara nyingi. Injini zimepangwa sakafuni, nyingine bado zina mafungu ya nyaya yaliyokatwa kwa haraka zilipong'olewa. Namba iko kwenye kibapa cha bloku, imefunikwa na tope la mafuta. Fundi hulowesha kitambaa petroli, husugua, hupitisha brashi ya waya, humulika kwa tochi ya simu mpaka tarakimu zitokeze moja baada ya nyingine. Mnunuzi anaridhika, analipa, na risiti inaandikwa: injini kompliti, moja. Siku moja nilimsikia mteja akiuliza, "Bwana, mbona namba hukuandika?" Akajibiwa, "Namba si iko kwenye injini, ndugu yangu? Itakwenda wapi?"

Jibu hilo humtesa mnunuzi kwa miaka. Mkaguzi hawezi kuoanisha injini na risiti isiyotaja namba. Kwa macho yake, injini hiyo huenda imelipiwa ushuru Kilindini, na huenda pia imeng'olewa usiku kwenye gari la mtu Bamburi. Ana haki ya kushuku. Wizi wa injini na wa magari mazima upo, na hiyo namba ni mojawapo ya alama chache zinazomwezesha polisi kumrejeshea mwenyewe mali yake. Kwa hiyo mnunuzi mwaminifu anarudi nyumbani mikono mitupu, anafunga boneti, na anaamua kukaa kimya kama majirani zake.

Ukimya huo hauonekani ubaya wake siku ile. Gari linatembea, bima inakatwa, askari wa barabarani haulizi. Gharama yake humwangukia mtu mwingine. Nyumba nyingi za huku zina gari la mzee lililoegeshwa chini ya mwembe, lenye namba za mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu bila ile herufi ya mwisho iliyoanza 1989. Mzee anafariki. Wanawe wanamaliza mambo ya mirathi, wanakubaliana gari liandikwe jina la kaka yao mkubwa, au liuzwe pesa zigawanywe. Likitakiwa kukaguliwa, namba hazilingani. Injini ilibadilishwa zamani za kale, duka lilishafungwa, fundi haonekani tena, na aliyeijua habari yote ndiye waliyemzika. Watoto wasio na hatia wanasimama mbele ya afisa wakijieleza juu ya kitu ambacho hawakukifanya wala hawakukishuhudia. Mnunuzi naye, akiwa na akili zake, anaondoka.

Bima pia ina mtego wake. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, humlinda mtu wa tatu aliyeumizwa barabarani. Lakini wewe uliyelipia bima kubwa, gari lako likiungua, utakuwa unadai fidia ya gari la petroli ilhali ndani yake kulikuwa na dizeli usiyoitangaza. Kampuni ikikuuliza kwa nini, utasema nini?

Uingereza, ambako magari ya zamani ni mapenzi ya watu wengi, mamlaka ya usajili wa magari, DVLA, ilitumia kwa miaka mingi hesabu ya pointi kuamua kama gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa bado ni lile lile. Chasi ya asili ilipewa pointi 5. Injini ilipewa 1. Naona hesabu hiyo ilikuwa na busara, kwa kuwa injini ni kitu cha kuchakaa na kubadilishwa. Mwenye gari huko bado anawajibika kutangaza injini mpya, na miongoni mwa ushahidi unaokubalika ni risiti, au, kama injini ilibadilishwa kabla hajalinunua gari, barua ya gereji yenye nembo yake.

Barua ya gereji. Hicho ndicho kitu ninachoyaombea magari yetu ambayo injini zao zilikwishabadilishwa zamani. Fundi mwenye leseni afungue boneti, asome namba, aandike alichokiona, atie sahihi na muhuri. Polisi wahakikishe namba hiyo haimo katika orodha ya mali iliyoibwa. Kisha mkaguzi afanye kazi inayookoa maisha: aangalie breki. Land Rover za Series zilitoka kiwandani na breki za drumu magurudumu yote manne. Ukiipa gari kama hiyo injini yenye nguvu zaidi na kuiachia breki zile zile, siku ya kushuka mteremko na mzigo utajua. Hapo ndipo ningependa mkaguzi awe mkali, kuliko kwenye risiti ya duka lililokufa.

Kwa injini zinazouzwa leo, sioni sababu ya huruma. Kila risiti iwe na namba ya injini na namba ya hati ya forodha iliyoingiza mzigo huo. Wauzaji watasema kontena moja huja na injini nyingi zilizochanganyika na vipuri vingine. Sawa, lakini kontena lilipita forodhani kwa karatasi, na kuisoma bloku ni kazi ya kitambaa na tochi. KRA ina uwezo wa kulidai hilo kwa mwenye duka kesho asubuhi. Mnunuzi naye asitoe shilingi kabla namba haijaandikwa mbele yake.

Nalisema sasa kwa sababu muda ni mfupi. Rasimu ya kanuni za ukaguzi iliyotolewa 2025 ilipendekeza magari ya watu binafsi yaliyozidi miaka 4 yakaguliwe kila mwaka. Gari la 1974 halitasalimika. Wenye pesa, wale wanaoandaa magari kwa mashindano ya East African Safari Classic, wataagiza injini ya asili kutoka Ulaya. Fundi cherehani wa Mshomoroni mwenye 504 ya marehemu baba yake, gari la aina iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978 na iliyounganishwa humu nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hana uwezo huo. Atalipaki mpaka liishe.

NTSA itoe mwaka mmoja kabla ya ukaguzi huo kuanza, ipokee barua za gereji kwa injini zilizobadilishwa zamani, na ianzie Mombasa, kwa kuwa injini hizi za mtumba hushukia hapa hapa Kilindini.