Tusiwanakilishe Watoto Chungu Chetu

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tumeketi nyuma ya darasa tukimtazama mwanachuo akichora chungu ubaoni, kisha akiwaamuru wanafunzi wakichore vivyo hivyo. Kipindi kikiisha, hukusanya vyungu arobaini vinavyofanana, naye huridhika kwamba somo la sanaa limefundishwa. Sisi hatukubaliani naye. Kilichofundishwa ni utii wa mkono tu.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakupitia chuo cha sanaa. Kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya mbao za dari, alichora wanyama na watu kwa namna yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake waitwa kwa jina lake hadi leo. Je, angalizoezwa kunakili chungu cha mwalimu, tungalimjua?

Nasi tuliwahi kukosea. Tulipokuwa tukifundisha darasa la nne, tuliwaagiza wanafunzi wachore "Nyumbani kwetu". Msichana mmoja alichora mlango tu, ukajaa karatasi nzima. Tukampa alama mbili katika kumi, kwa kuwa nyumba haikuonekana. Tulipomwuliza baadaye, alieleza kwamba mama yake alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi, naye huketi mlangoni kila jioni akimngoja. Picha ilikuwa kamili. Aliyepungukiwa ni mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba ufundi hauna budi kufundishwa. Ni kweli. Kushika brashi, kuchanganya rangi na kukanda udongo ni mambo ya kufundishwa. Lakini ufundi ni chombo tu; asiye na la kusafirisha, chombo chamfaa nini?

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, mwalimu atoe mada, wala asitoe kielelezo cha kunakiliwa. Pili, atumie vifaa vinavyopatikana: mkaa, udongo wa mfinyanzi, majani makavu, vitambaa chakavu. Tatu, amsikilize mtoto kabla ya kumpa alama. Nne, asimlazimishe kueleza mbele ya wenzake mambo ya nyumbani kwao. Mengine yatosha kuchorwa.

Ndugu mwanachuo, utakapoingia darasani na kuona chungu kimebaki ubaoni, kifute. Kisha waulize watoto wameona nini njiani walipokuwa wakija shule.