Rudisheni Mabati Kwenye Picha

Kwetu Kibosho mlima huamka mapema. Saa kumi na mbili na nusu Kibo iko wazi, ikifika saa tatu imeshajifunika wingu kama mwenye deni aliyesikia hodi mlangoni. Asubuhi moja ya Januari niliiwahi. Nilisimama juu ya ukingo wa mfongo, kamera ikiwa kwenye tripodi, nikapiga picha ambayo hadi leo naamini ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Chini kulikuwa na migomba. Katikati ya migomba, paa la bati lenye mng'ao, moshi mwembamba wa jikoni, na nguzo ya umeme iliyoinama kidogo. Juu yake ukanda mweusi wa msitu. Juu kabisa, Kibo.

Kampuni moja ya utalii iliitaka. Ilinipa laki mbili na barua pepe yenye mstari mmoja: toa bati, toa nguzo, toa moshi, tunataka mlima safi.

Nikatoa. Ilinichukua dakika arobaini. Pale palipokuwa na bati nilipandikiza mgomba kutoka pembeni mwa picha, na kwa kuwa bati lilikuwa pana, nikaupandikiza mara tatu. Ukitazama kwa makini utaona migomba mitatu pacha, kila mmoja na jani lilelile lililochanika mahali palepale. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Picha ilipanda mtandaoni ikiwa na maneno yaliyosema hapa ni mahali pasipoguswa na binadamu.

Bati lile ni la bibi yangu.

Desemba, tuliporudi nyumbani kama Wachagga wote wanavyorudi, nilimwonyesha picha kwenye simu, nikijisifu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Hapa ni kwetu," akasema. "Huo mgomba wa pembeni naujua. Ila nyumba yangu umeiweka wapi, mjukuu wangu?"

Nilimwambia ni mambo ya kompyuta. Alinitazama kwa namna ambayo sikuitaka, akarudi jikoni kwake.

Nawaandikia wapiga picha wenzangu, na ninyi mnaotupa moyo kwa kubofya vidole gumba na mioyo. Tumeizoea hii kazi ya kufuta kiasi kwamba hatuioni tena kuwa kazi. Tunaiita kusafisha. Tukisema picha ya mlima ni "safi" tunamaanisha haina bati, haina nguzo, haina bodaboda, haina mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Yaani uchafu ni sisi.

Chukua picha inayojulikana kuliko zote: tembo mbele, Kibo nyuma. Inapigwa Amboseli, Kenya, na kila ikipanda mtandaoni Watanzania na Wakenya hukesha wakitukanana kuhusu mlima ni wa nani. (Uko Tanzania. Tumalize hilo.) Kwa kelele hizo hakuna anayeuliza kuna nini kati ya tembo na theluji. Lenzi ndefu huuvuta mlima hadi uonekane umeegemea mgongo wa mnyama, na ukungu wa joto hufuta kilichobaki katikati. Kilichobaki katikati ni makumi ya kilomita. Ni miteremko ya kaskazini na watu wake: Kamwanga, Rongai, Tarakea, na upande wa Kenya mji wa Loitokitok. Kuna shule, minada, makanisa, misikiti, mashamba ya mahindi na viazi. Watoto wa Rombo wamekulia ndani ya picha maarufu kuliko zote za Afrika Mashariki na hakuna aliyewahi kuwaona.

Msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Ansel Adams, Mmarekani ambaye kila anayeshika kamera mbele ya mlima anamwiga hata kama hajawahi kulisikia jina lake, alipiga mwaka 1944 picha ya safu ya Sierra Nevada kulipopambazuka, akiwa karibu na mji mdogo wa Lone Pine. Mbele kuna farasi kwenye malisho, nyuma yake vilima vyeusi, kisha vilele vyeupe vimewaka jua. Kwenye kilima kimoja wanafunzi wa sekondari ya mji ule walikuwa wameandika herufi kubwa nyeupe, L na P. Adams alizifuta. Hakuficha, aliandika mwenyewe baadaye kwamba zilimkera na kwamba aliziondoa. Nisimwonee: siku zilezile, kilomita chache kutoka hapo, alikuwa anawapiga picha Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa na serikali yao katika kambi ya Manzanar, akachapisha kitabu cha kuwatetea. Mtu yuleyule, safu ileile ya milima. Alipopiga watu, aliwapa sura na heshima. Alipopiga mlima, hata herufi mbili za watoto wa shule zilikuwa nyingi mno kwake. Hapo ndipo ninapoiona hatari: si lazima uwe mtu mbaya. Inatosha uamini kwamba mlima na watu ni picha mbili tofauti.

Huko huko California, picha za bonde la Yosemite alizopiga Carleton Watkins mwaka 1861 zilisaidia kuwashawishi wakubwa wa Washington, na mwaka 1864 Lincoln akatia saini sheria ya kulilinda bonde lile. Jambo jema. Ila miaka kumi tu kabla ya Watkins kufika, mwaka 1851, wanamgambo waliingia bondeni na kuwatimua Waahwahneechee waliokuwa wakiishi humo. Kwenye picha kulikuwa na miamba na maji matulivu. Aliyeitazama kutoka mbali angewezaje kujua kwamba anatazama nyumba ya mtu?

Sasa rudi nyumbani. Mlimani kwetu kuna ukanda unaoitwa nusu maili. Waingereza waliutenga mwaka 1941, kati ya msitu na vihamba, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi uliteremshwa ukaumeza. Mama aliyekuwa akikata majani mahali alipokata mama yake akajikuta ni mvamizi. Sisemi picha ndiyo iliyochora mpaka ule. Walioamua walikuwa na sababu zao za msitu na maji, na nyingine ni za kweli. Ninachosema ni kwamba mpaka wa namna hiyo huchorwa kwa wepesi zaidi katika nchi ambayo kila kalenda, kila bango la uwanja wa ndege na kila ukuta wa ofisi unaonyesha mlima usio na mtu. Nenda Mkomazi, chini ya safu za Pare na Usambara, utapiga picha nzuri sana za nyika tupu na milima ya buluu nyuma yake. Utupu huo una tarehe. Wafugaji waliondolewa, na kufikia 1988 walikuwa wamekwisha kutoka.

Najua mtakachosema. Kwanza mtasema picha ni sanaa, mpiga picha ana haki ya kuchagua. Kweli. Sogeza tripodi hatua kumi kushoto kama bati linakukera, subiri wingu lilifunike, piga kilele peke yake. Huko ni kuchagua, na kila fremu huacha kitu nje. Lakini ukishakaa chini ukafuta nyumba, ukaotesha mgomba wa uongo juu yake, kisha ukaandika "pasipoguswa", umetoa ushahidi wa uongo, na sanaa haikutumi hivyo.

Pili mtasema mbona tunawaweka watu. Mnamweka moran mmoja, shuka jekundu, mkuki, amegeuza mgongo, anatazama upeo wa macho asiojua kwa nini anautazama. Mmemlipa elfu kumi. Huyo mmemweka kama mnavyoweka mti wa mbele ili fremu isipwaye. Na picha za kileleni? Wageni wameshikana mabega kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895, wamekunja ngumi hewani. Wapagazi waliobeba mahema yao, kila mmoja na kilo ishirini juu ya mizigo yake mwenyewe, kwa kawaida hawafiki pale. Wakati huo wanabomoa kambi au wanateremka kuandaa nyingine. Sijawahi kuona kampuni inayotangaza kilele kwa picha ya mpagazi akianua hema kwenye baridi. Ningeipenda picha hiyo. Sijaipiga hata mimi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu lina ukweli: watalii wanalipia ndoto, na ndoto hiyo ndiyo inayowalisha watu wa mlimani. Hata laki mbili zangu zilitoka humo, na sehemu yake ilimnunulia Bibi dawa za presha. Basi nyumba iliyofutwa imesaidia kumtibu mwenye nyumba; utani huo nimeshajitania mwenyewe. Lakini kwa hoja hii hii, mwenye nyumba analipwa kwa sharti kwamba asionekane. Kama mgeni hawezi kuupenda mlima wenye mabati, basi hakuupenda mlima, na siku moja atamwomba mtu fulani amtolee mabati yenyewe.

Kuna jambo jingine la mlima wetu linalohusu picha. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda Kilimanjaro, na Klute akauchorea ramani kwa kupima kutoka kwenye picha. Sina mapenzi na safari za wakoloni. Lakini kwa kuwa barafu ya siku zile ilirekodiwa ilivyokuwa, wanasayansi waliweza kusema kwamba kati ya mwaka ule na 2007 takribani asilimia 85 ya eneo la barafu lilitoweka. Leo nimewaona wapiga picha, wengine ni rafiki zangu, wakiiongezea Kibo theluji kwa brashi ya kompyuta kwa sababu "imekaa kipara". Picha nzuri sana. Mtu wa mwaka 2100 atazitazama aseme mbona theluji ilikuwepo tele.

Na kuhusu msitu: Oktoba 2020 mlima ulipowaka moto, mamia ya watu walipanda kuuzima, askari wa hifadhi pamoja na wanavijiji na wanafunzi, wengi wao wakipiga ndimi za moto kwa matawi mabichi. Watu walewale tunaowafuta ndio waliokwenda. Kwa wiki chache waliruhusiwa kuonekana kwenye picha za mlima, kwa kuwa ulikuwa unaungua.

Mimi nimeacha kufuta. Sijawa mtakatifu; nimepoteza wateja wawili na wa tatu ananizungusha, anasema atanijibu wiki ijayo tangu Aprili. Ninachowaomba ni kidogo. Moshi uacheni utoke. Mfongo unaopita katikati ya fremu uacheni upite, maana watu walichimba mifongo ile kwa mikono muda mrefu kabla ya kamera ya kwanza kufika huku, na migomba mnayoipenda inakunywa humo. Nguzo iliyoinama iacheni ikiwa imeinama. Na mkiandika jina la mahali, andikeni la kijiji, msiandike "Afrika".

Faili la asili nilikuwa nalo bado. Nilikwenda Moshi mjini nikalichapisha kubwa, nikalitia fremu, nikampelekea Bibi Pasaka. Safari hii hakuisogeza mbali. Aliweka kidole kwenye kioo, akapita juu ya bati taratibu, akafika kwenye moshi, akasimama hapo.

"Saa ngapi hii?" akauliza.

"Saa kumi na mbili na nusu, Bibi. Januari."

Akafikiri kidogo. "Basi hapa nilikuwa napika kiburu," akasema.